Nani Yuko Upande wa Pili? Tiba Mtandao Inapoanzia Zahanati

Ndugu Mwenyekiti, waganga wakuu wa wilaya, waganga wafawidhi wa vituo vya afya na zahanati, wauguzi na wakunga, maofisa TEHAMA, waheshimiwa madiwani na ndugu wananchi mliofika, nawasalimu nyote.

Nianze na safari. Mgonjwa wa Ukara, kisiwa kilichoko Ziwa Victoria, akiandikiwa rufaa ya kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, anavuka kwanza kwa kivuko hadi Bugolora upande wa Ukerewe. Kutoka Bugolora anatafuta gari au bodaboda hadi Nansio. Nansio anasubiri meli ya Mwanza, saa tatu na ushee majini. Akishuka Mwanza anahitaji pa kulala. Kesho yake anapanga foleni, anaingia kwa daktari, anaonwa kwa dakika kumi, anaambiwa aendelee na dawa zilezile na arudi baada ya miezi mitatu. Halafu anaianza njia ileile kurudi kwao. Weka nauli, chakula, malazi, na ndugu wa kumsindikiza aliyeacha nyavu zake au shamba lake. Miezi mitatu ikifika wengi hawarudi, na hakuna mwenye haki ya kuwalaumu.

Dakika kumi zile ndizo tiba mtandao, yaani daktari wa mbali kushauri kwa simu au intaneti, inaweza kuzivusha ziwa bila mgonjwa kupanda chombo. Si kila safari inaepukika. Mfupa uliovunjika unataka mkono wa mtu. Ila safari ya kwenda kuambiwa "endelea hivyohivyo" inaepukika, na safari za namna hiyo ni nyingi.

Halmashauri ikianza kupanga huduma hii, kitu cha kwanza kuandikwa ni orodha ya vifaa: skrini ya ukutani, kamera, kompyuta, vishikwambi, ruta. Fedha zikipita, vifaa vinafika, uzinduzi unafanyika, picha zinapigwa. Katika orodha yote hiyo hakuna mstari unaomtaja mtu atakayejibu. Hapo ndipo ninapoomba tukae leo, maana ndipo huduma hizi zinapofia. Kitu adimu kuliko vyote katika tiba mtandao ni saa ya daktari wa upande wa pili. Mashine inanunuliwa mara moja, saa hiyo inanunuliwa kila siku.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1905, huko Leiden, Uholanzi, Willem Einthoven alipokea kwa waya wa simu mchoro wa mapigo ya moyo ya wagonjwa waliokuwa hospitalini, kilomita moja na nusu kutoka maabara yake. Huku kwetu, madaktari wa ndege wa AMREF, shirika lililoanzishwa mwaka 1957, walizungumza na hospitali za mbali kwa simu ya upepo: wa kule anaeleza dalili, daktari anaelekeza, na ndege inaruka pale tu inapohitajika. Hakukuwa na video wala picha. Kulikuwa na mtu aliyekaa redioni akisikiliza.

Sasa tufanye hesabu ya wilaya moja. Chukua vituo 12. Kila kituo kiulize maswali mawili kwa siku, jambo la kawaida huduma ikishazoeleka. Hayo ni maswali 24. Kusoma maelezo, kufungua picha, kuulizia kilichosahaulika, kufikiri na kuandika jibu linaloeleweka, weka dakika 8 kwa kila moja. Jumla ni dakika 192, yaani saa 3 na dakika 12 kila siku ya kazi. Ni karibu nusu ya siku ya daktari mmoja, na daktari huyohuyo ana wodi, kliniki, upasuaji na vikao. Kama hakuna aliyempunguzia chochote, maswali yatasubiri mpaka usiku akiwa nyumbani, ayajibu kwa bando lake mwenyewe. Mwezi wa kwanza atajibu kwa moyo wote. Kufika mwezi wa tatu, tabibu wa kijijini atakuwa ameuliza mara nne bila jibu, na mara ya tano hatauliza. Ataandika rufaa tu kama zamani. Hakuna siku huduma inapofungwa rasmi. Inanyamaza, na skrini inabaki ukutani.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kununua ni ratiba. Kila zamu iwe na jina la anayejibu na jina la wa akiba. Namba inayopigwa isiwe ya daktari binafsi. Iwe laini ya hospitali kwenye simu ya hospitali, inayokabidhiwa pamoja na zamu ikiwa na chaji na salio, anayekabidhi na anayepokea wakisaini daftari. Kwa wilaya ya mfano wetu, saa za maswali yanayoweza kusubiri ziwe saa 2:00 hadi 3:30 asubuhi na saa 8:00 hadi 9:45 alasiri. Katika saa hizo daktari wa zamu haendi wodini na wodi haimwiti. Posho yake iandikwe kwenye bajeti ya halmashauri kabla kamera haijaandikwa. Najua mstari huo ndio wa kwanza kukatwa bajeti ikibana. Mkiukata, kateni na kamera, maana itakuwa fedha ya bure.

Maswali yenyewe yagawanywe kwa uharaka. Jekundu, yaani la dharura, ni la sauti: kituo kinapiga simu, hakiandiki ujumbe, na simu ipokelewe ndani ya dakika 5, isipopokelewa anapigiwa wa akiba, naye asipopokea anapigiwa mganga mkuu wa wilaya, saa yoyote. La njano lijibiwe ndani ya saa 2. La kijani, lisilo na haraka, ndani ya saa 24. Kosa la hatari kuliko yote ni dharura kutumwa kama ujumbe wa maandishi, kisha mtumaji akakaa akitazama zile alama mbili zigeuke bluu huku mama anaendelea kuvuja damu.

Tuutazame ujumbe wenyewe kwa karibu, kwa kuwa ubora wa jibu unaanzia kwa anayeuliza. Ujumbe wa kwanza ni huu: "Dokta habari, huyu mgonjwa nimfanyeje?" Chini yake kuna picha yenye ukungu. Huo hauna jibu. Sasa soma huu, kutoka kituo cha kisiwani, wa mama mwenye dalili za kukaribia kifafa cha mimba. Magnesiamu ni dawa ya kuzuia degedege, na kalsiamu utakayoiona kwenye jibu ni ya kuipunguza nguvu ikizidi mwilini:

"Mama, miaka 34, mimba ya 3, wiki 36. Kichwa kinamuuma sana tangu jana jioni, anaona ukungu. Hajapata degedege. Shinikizo la damu 172/114. Limerudiwa baada ya dakika 15, 168/112. Protini kwenye mkojo ++. Mapigo ya mtoto 140. Saa 4:20 asubuhi amepewa magnesiamu salfeti gramu 4 mshipani polepole, na gramu 5 kila tako. Mpira wa mkojo umewekwa. Kivuko kinaondoka saa 6:00. Swali: tumshushe shinikizo kwanza au apande kivuko sasa?"

Na jibu lake, lililoandikwa baada ya kupigiana simu, ili liingie kwenye faili:

"Mpe nifedipine ya kumeza miligramu 10 sasa, msiweke chini ya ulimi. Baada ya dakika 30, likiwa bado 160/110 au zaidi, rudieni miligramu 10. Likishuka chini ya 160/110, apande na mkunga, alale ubavu wa kushoto. Msilishushe chini ya 140/90. Magnesiamu inayofuata ni gramu 5 kwenye tako saa 8:20, ikiwa tu anapumua mara 16 au zaidi kwa dakika, goti linaruka likigongwa, na mkojo wa saa 4 zilizopita umefika mililita 100 au zaidi. Bebeni kalsiamu glukoneti gramu 1. Hospitali ya Nansio imeshaambiwa, wanamsubiri."

Dozi kila mahali zifuate mwongozo wa matibabu wa nchi. Hapa nataka mwone umbo. Anayeuliza ametaja mambo matano: mgonjwa ni nani, kimetokea nini, amepima nini, ameshafanya nini, na anauliza nini. Hakungoja jibu ndipo aanze dozi ya kwanza, kwa sababu dozi hiyo ni ya mwongozo, haihitaji ruhusa ya mtu wa mbali. Anayejibu naye ametaja kiasi, saa, na dalili za kusimamisha. Sentensi nzito kuliko zote ni ile ya mwisho, kwamba Nansio imeshaambiwa. Ushauri usiomtafutia mgonjwa mlango wa kuingilia anakokwenda umeishia nusu ya njia.

Mambo hayo matano yaandikwe kwenye karatasi moja, ibandikwe ukutani palipo na simu. Na kuna la sita linalosahaulika karibu kila mahali, nalo ni jibu la jibu. Kituo kilichouliza kiandike baadaye kilichotokea: amejifungua, amepona, amefariki, au hakwenda. Daktari asiyejua mwisho wa wagonjwa wake hujibu gizani, na kosa lake halimfundishi kitu.

Nihamie kwenye vipimo, maana kipimo kibovu kikisafiri haraka kinafika kikiwa kibovu vilevile. Shinikizo la damu: mgonjwa akae dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, asizungumze, na awe amekwenda haja ndogo. Kitambaa cha mashine kikiwa kidogo kwa mkono mnene, namba inapanda kuliko ukweli. Watu wanawekwa kwenye dawa za maisha kwa sababu kituo kina kitambaa cha saizi moja tu. Nunueni saizi mbili. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na skrini.

Kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni kupima oksijeni kinataka maelezo zaidi, kwa sababu kinatuhusu sisi wenye ngozi nyeusi. Kinafanya kazi kwa kupitisha mwanga kwenye kidole, na rangi ya ngozi inaugusa mwanga huo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba upungufu wa oksijeni uliofichika, ambao kifaa hakiuoni ingawa damu yenyewe inauonyesha, ulitokea kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya weupe. Kwa hiyo tabibu akiandika "oksijeni 93" na mgonjwa anahema mara 30 kwa dakika, anayejibu aamini pumzi kabla ya namba. Vidole viwe na joto, rangi ya kucha na piko viondolewe au kitumike kidole kingine, na namba isomwe ikishatulia kwa sekunde 30.

Picha za ngozi nazo zina ufundi wake. Futa kioo cha kamera kwanza. Simu ya kazini inashikwa na mikono mingi, na mafuta kidogo yanageuza kipele kuwa wingu. Mgonjwa akae karibu na dirisha, kwenye mwanga wa mchana usio jua kali, bila flashi. Piga picha tatu: ya kwanza kutoka hatua moja, ionyeshe kiungo kizima na upele ulivyokaa, ya pili kwa umbali wa rula moja, ya tatu karibu kabisa, rula au sarafu ikiwa pembeni kuonyesha ukubwa. Ongeza moja ya ubavuni kama kuna uvimbe. Halafu andika ambacho kamera haikioni. Katika vitabu vingi ngozi inayowaka imeandikwa "nyekundu", na kwenye ngozi yetu wekundu huo mara nyingi hauonekani. Unaona weusi uliokolea, zambarau, au ngozi inayong'aa kwa kuvimba. Mkono ndio unaojua: pana joto, pagumu, panauma, paganzi? Doa lisilo na hisia ukiligusa kwa pamba linaweza kuwa ukoma, na hakuna kamera itakayokuambia hilo.

Eksirei ni habari ya mtandao. Picha moja ya kifua kutoka mashine ya kidijitali ina takribani megabaiti 15 kabla ya kubanwa. Megabaiti moja ni megabiti 8, kwa hiyo kwa kasi ya kilobiti 256 kwa sekunde ni dakika 8; kwa megabiti 1 ni dakika 2. Inavumilika. CT, picha inayoonyesha ndani ya mwili kipande kwa kipande, ikiwa na vipande 300, kila kimoja nusu megabaiti, ni megabaiti 150: kwa megabiti 1 ni dakika 20, kwa ile kasi ndogo ni saa 1 na dakika 20, na hapo katikati mtandao utakata walau mara moja. Kwa hiyo mfumo uwe unaoendelea pale ulipokatikia, usiwe wa kuanza upya. Ulizeni swali hilo kabla ya kusaini mkataba wowote, na mwone kwa macho: chomoeni waya wa ruta picha ikiwa nusu ya njia, rudisheni, mtazame kinachotokea.

Najua pia linalofanyika sasa hivi. Filamu inawekwa dirishani, inapigwa picha kwa simu, inatumwa WhatsApp. Mfupa wa paja uliovunjika utaonekana. Ufa mwembamba wa kifundo cha mkono, au hewa kidogo iliyoingia kando ya pafu, unaweza kupotea, kwa sababu programu inaibana picha ili iwe nyepesi. Kama hamna njia nyingine, itumeni kama faili, msiitume kama picha, na taa ya juu izimwe isilete mng'ao. Anayesoma aandike: "Nimesoma kutoka picha ya simu." Maneno hayo matano yanamlinda mgonjwa na yanamlinda daktari.

Mtandao wenyewe mwupime kabla ya kununua chochote. Beba laini za kampuni tatu, kaa ndani ya chumba kitakachotumika, dirisha likiwa limefungwa, upime saa 3 asubuhi, saa 7 mchana na saa 2 usiku kwa siku tatu. Angalia kasi ya kupandisha. Watu wanasoma kasi ya kushusha, ambayo ni ya kutazama video. Kituo chenu kazi yake ni kupandisha. Ikiwa chini ya kilobiti 500, sahau video. Tumieni sauti na picha za kutuma na kusubiri, na hamtakuwa mmepunjika. Kwa sehemu kubwa ya maswali ya ngozi, moyo, mionzi na dawa za muda mrefu, daktari hahitaji kumwona mgonjwa akicheka kwenye skrini. Anahitaji maelezo kamili, picha safi na muda wa kufikiri. Antena ya nje juu ya mlingoti wa mita 6 inaweza kuokoa kituo kilicho bondeni, lakini mlingoti huo ufungwe ethi, waya wa kushusha radi, iliyozamishwa ardhini. Ziwa Victoria na kandokando yake ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani, na radi moja inatosha kumaliza ruta, kompyuta na mashine ya maabara kwa mpigo.

Umeme. Kompyuta mpakato ya wati 45 kwa saa 6 inakula wati-saa 270. Ruta ya wati 10 ikiwaka saa 24 ni 240. Taa mbili za wati 9 kwa saa 5 ni 90. Kuchaji simu na kishikwambi ni 50. Jumla 650 kwa siku. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 200 ina wati-saa 2,400, lakini ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu, yaani 1,200. Toa kinachopotea kwenye inveta, unabaki na siku moja na nusu bila jua. Paneli za wati 300 zinatosha, masika yakiwemo. Hesabu hiyo ni sahihi mpaka siku mtu anapochomeka friji ya soda, au kijiji kizima kinapoleta simu kuchaji. Sola nyingi hufa kwa namna hiyo, na fundi akija anasema betri ilikuwa feki. Wekeni soketi moja yenye kufuli kwa vifaa vya tiba mtandao, na betri yake isiguswe na kingine. Kuchaji simu za wanakijiji ni hitaji la kweli, basi liwekewe paneli yake. Vumbi lifutwe kwenye paneli kila wiki, na kama betri ni ya kuongezwa maji, iangaliwe kila mwezi na aandikwe jina la anayeiangalia.

Nisogee kwenye siri ya mgonjwa, na hapa nitasema bila kupaka rangi. Picha ya mwanamke akiwa nusu uchi imekaa kwenye simu binafsi ya mtumishi, simu hiyo inachezewa na watoto nyumbani, na inajihifadhi yenyewe kwenye akaunti yake ya mtandaoni. Huo ni uvunjaji wa heshima yake hata kama aliyeipiga alikuwa na nia njema. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kenya ina sheria yake ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 na nyingine ya afya ya kidijitali ya mwaka 2023. Kwa vitendo maana yake ni simu ya kituo yenye namba ya siri, hifadhi ya kujiendesha imezimwa, namba ya faili badala ya jina, uso usionekane kama ugonjwa hauko usoni, na picha ifutwe ikishaingia kwenye faili. Makundi ya WhatsApp yenye watu 80 "kwa ajili ya kujifunza" yasipokee picha ya mgonjwa hata moja.

Na mgonjwa aombwe ruhusa kwa lugha ya kawaida: "Mama, tunataka kutuma picha ya mguu wako kwa daktari wa Mwanza atushauri. Jina lako halitakwenda. Ukikataa, tutaendelea kukutibu hapahapa." Mkiona watu wengi wanakubali bila swali, hakikisheni wamesikia ile sentensi ya mwisho.

Tujifunze kwa wengine. Rwanda ilianza mwaka 2016 huduma ya kumwona daktari kwa simu ya kawaida kabisa, kwa kubonyeza namba, bila intaneti, na ikaunganishwa na bima ya afya ya jamii. Watu zaidi ya milioni 2 walijiandikisha. Mwaka 2023 kampuni ya Uingereza iliyokuwa ikiimiliki huduma hiyo ilianguka, na huduma ikafungwa. Mbinu ilikuwa nzuri na wananchi waliipokea. Kilichokosekana ni mlango wa dharura siku mwenye mfumo anapoondoka. Kwa hiyo kila mkataba useme data ni ya nani, itatolewa kwa muundo gani, na ndani ya siku ngapi. Na namba wanayopiga wananchi iwe mali ya serikali.

India ilianza mwaka 2019 na eSanjeevani, mfumo wa serikali, ukavuka mashauriano milioni 100 mapema mwaka 2023. Upande mkubwa wa mfumo huo unategemea mhudumu wa afya anayekaa kando ya mgonjwa kwenye kituo cha kijijini huku daktari akiwa hospitali kubwa. Yeye ndiye anayepima, anayetafsiri hofu ya mgonjwa, na anayetoa dawa. Bibi wa miaka 70 hahitaji kujua kutumia programu. Machi 2020 India ilitoa pia mwongozo wa madaktari uliopanga dawa kwa makundi: zipi zinaweza kuandikwa kwa mashauriano ya aina yoyote, zipi zinataka video mara ya kwanza, zipi ni za mgonjwa anayeendelea na tiba, na zipi haziandikwi kabisa kwa mbali, zikiwemo za kulevya. Orodha ya namna hiyo inafaa kila halmashauri iwe nayo mezani.

Na nyumbani tunao m-mama. Mwanamke aliyepatwa na dharura ya uzazi, au mtu wa karibu naye, au kituo, anapiga 115 bila malipo; mratibu anauliza dalili za hatari, anachagua kituo kinachofaa, na kutuma gari la wagonjwa; pasipo na gari la wagonjwa anaitwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, naye analipwa kwa simu. Ulianzia Kanda ya Ziwa, ukazinduliwa kitaifa mwaka 2022. Wengi hawauiti tiba mtandao kwa kuwa hauna skrini. Una mtu wa kupokea simu usiku na mchana, una maswali yaliyoandikwa, una usafiri na una malipo. Ndivyo vitu vinavyofanya huduma iwe huduma.

Yapo ambayo hayafai kupelekwa mtandaoni, na mtumishi ajue kukataa. Tumbo lililokakamaa linataka mkono wa mpasuaji. Mtoto asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu au mwenye degedege, anapewa huduma ya kwanza na kusafirishwa. Simu ipigwe akiwa njiani. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua hangoji ushauri: anasuguliwa mji wa mimba, anapewa oksitosini na asidi ya traneksamiki gramu 1 mshipani ndani ya saa 3 tangu kujifungua, na mwingine ndiye apige simu. Kituo chenye mtumishi mmoja tu zamu ya usiku hakiwezi kufanya yote mawili, na hakuna mtandao utakaoziba pengo hilo. Waheshimiwa madiwani, hilo ni la ajira, liko mikononi mwenu na mwa serikali kuu.

Jambo jingine dogo linaloua imani haraka: daktari anaandika dawa ambayo kituo hakina. Mgonjwa anaambiwa akanunue mjini, na safari tuliyotaka kuiepusha imerudi. Kila Ijumaa kituo kitume orodha ya dawa zilizopo na zilizoisha, iwe mbele ya anayejibu.

Mkitaka kuanza, anzeni padogo: vituo vitatu, hospitali moja, na aina moja ya swali, kwa mfano shinikizo na kisukari kwa wagonjwa wanaoendelea na dawa. Miezi mitatu. Andikeni namba nne tu: maswali mangapi, jibu lilichukua muda gani, rufaa ngapi ziliepushwa na ngapi ziliharakishwa. Hiyo ya mwisho isidharauliwe. Mgonjwa aliyefika hospitali siku mbili mapema amepata faida kubwa kuliko aliyeokoa nauli.

Na kabla ya kukata utepe, fanyeni zoezi moja. Saa nane usiku, bila kumtaarifu mtu yeyote hospitalini, muuguzi wa zamu wa kituo kilicho mbali zaidi apige ile namba ya maswali mekundu, akiwa ameshika saa. Aandike ilipokelewa baada ya dakika ngapi, na aliyepokea alijua cha kuuliza au hakujua. Rudieni usiku mwingine, na usiku wa sikukuu. Dakika zikizidi tano, ahirisheni uzinduzi, mkae tena na ratiba.

Asanteni.